Uso Uliopauka, Chunusi Juu Yake



Kipupwe kimeshaingia. Ukiwa Makete, Njombe au Mbeya huna haja ya kumsubiri mtabiri wa hali ya hewa, maana midomo imeshapasuka na miguu imepauka kabla hujafika kituoni. Hata huku Dar, mwezi wa saba asubuhi watu wanabandika maji ya moto ya kuoga. Katika baridi hii wapo wanaoteseka kwa namna ambayo hakuna anayewahurumia. Ni watu wazima wenye ngozi kavu ambao bado wanatoka chunusi.

Ukimwambia mtu una chunusi na una miaka 35, jibu la kwanza ni kicheko. "Unabalehe upya?" Ukimwambia ngozi yako ni kavu ndiyo hakuelewi kabisa, kwa sababu wengi wetu tulifundishwa kwamba chunusi ni ugonjwa wa nyuso zinazong'aa mafuta. Kwa hiyo dada wa namna hii anabaki na mambo mawili yanayogombana. Shavu limekauka hadi linamvuta akicheka, na kidevuni, kwenye taya, hadi kuteremkia shingoni, pamejaa chunusi nene, zinauma ukizigusa, na hazitoi hata kichwa cha kuzikamua. Asubuhi anapaka mafuta kwa ajili ya kupauka, jioni anapaka dawa ya kukausha kwa ajili ya chunusi. Anajenga mchana na kubomoa usiku.

Nitasema mapema upande wangu ili usikilize ukijua nasimama wapi. Chunusi za mtu mwenye ngozi kavu hazitibiwi kwa kukausha. Naona nusu ya mateso ya watu hawa hayatokani na chunusi zenyewe, bali na bidii wanayoitumia kuzipiga vita.

Tuanze na chanzo, kwa kifupi. Chunusi si uchafu. Kila kinyweleo usoni kina kitundu chake, na pembeni kuna tezi inayotoa mafuta. Seli zilizokufa zikigandamana mlangoni mwa kitundu, mafuta yanakosa njia. Ndani humo kuna bakteria anayeishi kwenye ngozi ya kila mmoja wetu, msafi na mchafu, na akipata mazingira yanayomfaa mwili unajibu kwa uvimbe na usaha. Kuziba huko kunaanza wiki nyingi kabla ya wewe kuona kitu kwenye kioo. Chunusi unayoilaumu leo kwa ajili ya chipsi za jana usiku ilianza safari yake kitambo.

Sasa mafuta na maji ni vitu viwili tofauti, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Ngozi inaweza kuwa na tezi zinazotoa mafuta ya kutosha kuziba vitundu, na papo hapo ikawa inapoteza maji kila saa. Tabaka la juu kabisa la ngozi ni kama nyumba ya udongo iliyokandikwa vizuri: seli zimepangana, na katikati yake kuna mafuta maalumu yanayozuia maji yasitoke. Ukikwangua ule mkandiko, maji yanatoka, uso unapauka, unawasha, na kila dawa unayoweka juu yake inachoma. Uvimbe unaongezeka. Na uvimbe, msikilizaji, ndio moyo wa chunusi.

Nini kinakwangua? Kwanza, sabuni. Ngozi ya uso ina asidi kidogo. Sabuni ya kawaida, iwe ya kipande yenye manukato, iwe ya mche tunayofulia, iwe ya magadi inayosifiwa sana siku hizi, iko upande wa pili kabisa, ni ya alikali. Ukinawa nayo mara tatu kwa siku, halafu kwa maji ya moto, unavua lile koti la ngozi. Na wale mnaotumia maji ya kisima yenye chumvi, mnajua sabuni inavyokataa kutoa povu na kuacha utando unaonata kwenye beseni. Utando ule ule unabaki kwenye mashavu yako. Hapo mtu anasema, "Nimenawa, lakini uso haujatakata," anachukua dodoki na kusugua tena.

Dodoki libaki mgongoni. Usoni weka vidole tu.

Halafu kuna dawa za jikoni na bafuni. Limau ni asidi kali mno kwa uso, na ukitoka nalo juani linaweza kukuunguza na kukuachia alama nyeusi inayokaa miezi. Dawa ya meno ilitengenezwa kwa ajili ya meno. Inakausha ngozi ya juu ikababuka, na mzizi wa chunusi unabaki palepale ulipokuwa. Kuhusu liwa sitaki ugomvi na bibi yangu wala wa mtu mwingine. Liwa ina heshima yake Pwani na harufu yake siichoki. Lakini kwa ngozi kavu, ile desturi ya kuipaka, ukaenda kupika, ukarudi imekauka na kupasukapasuka usoni kama tope la mbuga, siyo nzuri. Ikianza kukaza, ioshe.

Kuna jambo la nywele pia ambalo watu hawalifikirii. Mwaka 1970 madaktari watatu wa ngozi nchini Marekani, Gerd Plewig, James Fulton na Albert Kligman, waliandika kuhusu chunusi za kwenye paji la uso na panja walizoziona kwa Wamarekani weusi waliopaka mafuta mazito ya nywele. Mafuta yanateremka, yanaziba. Huyu Kligman, niseme pembeni, ni mtu ambaye historia haimwachi salama. Ndiye aliyeileta dawa ya tretinoini kwenye tiba ya chunusi, na ndiye huyohuyo aliyefanya majaribio mengi kwa wafungwa wa gereza la Holmesburg huko Philadelphia, wengi wao watu weusi. Tunaitumia elimu hiyo, na haitudhuru kukumbuka ilipatikana migongoni mwa nani. Basi ukisuka, ukapaka mafuta ya kichwa ya kila aina, na chunusi zako zikaja kwa mstari unaofuata ukingo wa nywele, dawa yako ya kwanza ni kitambaa cha kufunga kichwa usiku na mkono mwepesi kwenye kopo.

Sasa twende dukani. Mazungumzo haya unaweza kuyasikia kwenye duka lolote la dawa kati ya hapa na Mwanza.

"Dokta, shikamoo. Naomba dawa ya chunusi."

"Marahaba, dada. Zipo. Unataka inayokausha haraka?"

"Haraka sana. Jumamosi nina harusi ya wifi yangu."

"Chukua hii. Paka asubuhi na jioni."

Anapewa tyubu ndogo. Bei nafuu, maandishi madogo. Ndani yake kuna dawa ya fangasi, dawa ya bakteria, na steroidi iliyokusudiwa kutuliza muwasho wa ngozi kwa siku chache. Jumamosi anang'aa kweli. Steroidi inazima uvimbe, na uso unakuwa laini kama wa mtoto. Anaendelea kupaka kwa wiki tatu, mwezi, miezi miwili. Ngozi inakuwa nyembamba, mishipa midogo inaanza kuonekana, vipele vidogo vyekundu vinatokea kuzunguka mdomo na pua. Siku akiiacha, uso unalipuka, chunusi nyingi kuliko zile alizoanza nazo. Anakimbilia tyubu ile ile. Kutoka kwenye mzunguko huo ni kazi ya miezi, na mara nyingi inahitaji daktari wa ngozi.

Kwa hiyo jifunze kusoma tyubu. Ukiona jina la steroidi kama betamethasoni au klobetasoli, hata kama imeandikwa kwa Kiingereza na herufi za kubanana, hiyo si dawa ya chunusi, mtu asikudanganye. Na mkorogo wa kujichubua ndio kabisa, kwa sababu ndani ya kopo lake mara nyingi kuna steroidi hizohizo, haidrokwinoni, na wakati mwingine zebaki. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umeziweka krimu za kujichubua zenye zebaki kwenye orodha ya bidhaa za kuondolewa sokoni. Ziko sokoni bado, na sote tunajua kibanda gani.

Haya, mtu afanye nini basi?

Wiki mbili za kwanza, ningekuwa mimi, nisingetibu chunusi hata kidogo. Ningetibu ukavu. Najua inakera kusikia. Uso una chunusi sita, na huyu wa redioni anasema tulia. Lakini dawa nyingi nzuri za chunusi zinakausha kwa kiasi fulani, na ukiziweka juu ya ngozi iliyokwishabanduka utaziacha siku ya nne ukisema zimekuunguza. Tengeneza ngozi kwanza, ndipo itakapoweza kuibeba dawa.

Kuitengeneza ni kazi ndogo. Nawa uso mara moja kwa siku, jioni, kwa kioshea uso kisicho na manukato na kisichotoa povu jingi. Asubuhi maji matupu ya uvuguvugu yanatosha. Jikaushe kwa kubonyeza taulo, usisugue. Uso ukiwa bado na unyevu, ndani ya dakika moja au mbili, paka losheni nyepesi isiyo na harufu. Kama mfuko hauruhusu losheni za famasi, glisirini ya chupa ndogo inafaa, ila usiipake kavu wala nzito. Tia matone machache kiganjani, changanya na maji, ndipo upake. Glisirini inavuta maji na kuyashikilia. Na pale palipopasuka, kwenye kona za mdomo na pembeni mwa pua, weka mafuta ya mgando kidogo sana juu yake.

Nimesema mafuta ya mgando na nasikia mtu ameguna. Ndiyo, yanaonekana mazito, lakini yakiwa safi hukaa juu ya ngozi na kuzuia maji yasitoke, na si yale yanayosifika kwa kuziba vitundu. Mafuta ya nazi, tunayoyapenda sote, ndiyo ya kuogopa zaidi usoni kwa mtu wa chunusi. Yapake miguuni, mikononi, kwenye wali ukitaka. Usoni yape likizo.

Baada ya hapo ndipo dawa. Zipo tatu ninazotaka uzijue kwa majina, na ukienda famasi uziulize hizo, siyo "ile inayokausha".

Ya kwanza ni adapalini, jeli au krimu ya asilimia 0.1. Inafanya kazi kwenye chanzo, inazuia seli zisigandamane mlangoni mwa kitundu. Marekani jeli yake inauzwa bila cheti cha daktari tangu mwaka 2016. Kwa ngozi kavu chagua krimu kuliko jeli. Kipimo ni punje moja ya njegere kwa uso mzima, uso mzima nasema, siyo punje kwa kila chunusi. Dawa hii haifukuzi haraka chunusi iliyokwishatoka, kazi yake kubwa ni kuzuia zinazokuja, ndiyo maana inapakwa hata pasipo na kitu. Anza usiku mmoja, ruka miwili. Ngozi ikizoea baada ya wiki mbili au tatu, paka usiku mmoja, ruka mmoja. Na kwa uso mkavu kuna njia nzuri: losheni kwanza, subiri ikauke, dawa juu yake, halafu losheni tena. Dawa inapungua makali kidogo, lakini utaweza kuendelea nayo, na kuendelea ndiko kunakotibu. Mwezi wa kwanza chunusi zinaweza hata kuongezeka kidogo. Usihukumu kabla ya wiki 12.

Onyo moja, na hili lishike. Adapalini na ndugu zake hazitumiki kwa mama mjamzito wala anayetafuta ujauzito. Na ndugu yao mkubwa, isotretinoini ya vidonge, ni hatari ya kweli kwa mtoto aliye tumboni, inaharibu viungo vyake. Usimeze kidonge cha shoga yako kwa sababu yeye kilimsaidia.

Ya pili ni benzoili peroksaidi. Hii inaua bakteria. Watu wananunua ya asilimia 10 wakidhani ndiyo yenye nguvu, wakati ya asilimia 2.5 inakaribia kufanya kazi sawa nayo, na haichomi kama hiyo. Mwenye ngozi kavu anaweza kuipaka kwa dakika tano hadi kumi, kisha akaiosha. Na jihadhari na nguo, kwa maana dawa hii inatoa rangi. Ukiilalia, foronya ya buluu inaamka na mabaka ya chungwa, na khanga yako ya kujifunga kifuani usiku nayo itaharibika kwenye pindo, pale inapogusa kidevu. Tumia foronya nyeupe na taulo nyeupe.

Ya tatu ndiyo kipenzi changu kwa ngozi zetu, asidi ya azelaiki, ya asilimia 15 au 20. Inawasha kidogo siku za mwanzo, lakini inatuliza uvimbe, inapunguza chunusi, na inafifisha yale madoa meusi yanayobaki chunusi ikiisha. Wajawazito wanaruhusiwa kuitumia. Tatizo lake ni bei na kupatikana, kwani nje ya miji mikubwa unaweza kuzunguka siku nzima usiipate.

Madoa hayo, kwa wengi wetu, ndiyo kilio kikubwa kuliko chunusi zenyewe. Chunusi inakaa wiki, doa linakaa miezi. Na ni madoa hayo yanayowapeleka watu kwenye mkorogo. Ngozi yenye weusi mwingi ikivimba inajibu kwa kutengeneza rangi zaidi, na kila unapokamua, unapobinya na kucha mbele ya kioo cha bafuni, unaongeza uvimbe na unaongeza rangi. Jua nalo linayakoleza madoa hayo. Kofia ya ukingo mpana, mwavuli wakati wa mchana, na krimu ya kuzuia jua kama unaipata, vyote vinasaidia. Sisi tuna historia nzuri ya krimu hizi hapa nchini. Pale Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC tangu mwaka 1992, walitengeneza krimu ya kuzuia jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kituo hicho hicho kimefundisha matabibu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, na ukikutana na tabibu wa ngozi katika hospitali ya mkoa, uwezekano ni mkubwa kwamba alipita pale.

Sijagusa homoni, na kwa mwanamke mzima huwezi kuziruka. Kama chunusi zako zinakuja wiki moja kabla ya siku zako, zikikaa kwenye taya na kidevu, homoni zimo. Njia za uzazi wa mpango zenye homoni moja tu, kama sindano na vijiti, kwa baadhi ya wanawake zinaongeza chunusi, na baadhi ya vidonge vyenye homoni mbili vinazipunguza. Usiende kung'oa kijiti kwa hasira. Mwambie muuguzi aliyekiweka, mzungumze. Na kama pamoja na chunusi hedhi inaruka miezi, ndevu zinaota kidevuni, nywele za kichwani zinapungua katikati, hapo losheni haitoshi. Yanahitajika vipimo vya damu na pengine picha ya vifuko vya mayai.

Akina baba mnaosikiliza, vipele vya shingoni vinavyotoka baada ya kinyozi kupitisha mashine mara nyingi ni ndevu zilizojikunja na kuingia ndani ya ngozi. Hiyo ni mada ya siku nyingine. Na yeyote mwenye vipele vidogo vinavyofanana vyote, vinavyowasha sana, kwenye paji la uso na kifuani, ajue kwamba vinaweza kuwa vya fangasi, na dawa za chunusi hazitavigusa.

Nenda kwa daktari wa ngozi mapema kama chunusi zinaacha mashimo, kama ni mabonge yanayouma chini ya ngozi, kama umepaka vizuri kwa miezi mitatu bila nafuu, au kama umetumia tyubu ile ya harusi kwa zaidi ya wiki chache. Usinawe kwa kusugua asubuhi ya siku hiyo, na usipake poda ya kuficha, mwache aone uso ulivyo. Kila ulichowahi kupaka mwaka huu kiweke kwenye mfuko wa kitambaa uende nacho: tyubu, losheni, sabuni, mafuta ya nywele, na hasa lile kopo lisilo na lebo ulilochanganyiwa saluni. Atataka kulinusa na kukuuliza ulilipaka kwa muda gani. Mtajie miezi yote, hata kama mama mkwe amekaa kiti cha pembeni.